Rivasi Iliyohama

Rivasi ya gari la baba mkwe wangu ilikuwa imehama, na mwenyewe hakujua. Mimi nilijua. Nilikaa na jambo hilo wiki tatu, nikila nalo na kulala nalo, na kila nilipotaka kulitema nilipata sababu ya kulimeza.

Gari lenyewe lina umri mkubwa kuliko mke wangu. Baba mkwe alilinunua zamani, akiwa dereva wa wakubwa, akaliendesha mpaka alipostaafu, na baada ya kustaafu akaendelea nalo. Lilikuwa na gia nne za mbele na rivasi, ile ya kurudi nyuma. Kuiingiza hiyo rivasi ulisukuma mkono wa gia kushoto mpaka mwisho, ukavuka springi, kisha ukaupeleka mbele. Juu ya mkono kulikuwa na kirungu, kichwa cha duara rangi ya jino la mzee, kimechorwa mistari ya gia zote. Herufi ya rivasi ilishafutika. Kidole gumba cha baba mkwe kiliilamba miaka na miaka mpaka ikaisha.

Giaboksi ilianza kulia kidogo kidogo. Halafu gia ya tatu ikawa inachomoka, akawa anaishikilia kwa mkono huku anaendesha, kama mtu aliyemshika mtoto mtundu sokoni. Mimi ni fundi wa magari; siku nilipomwaga oili yake gerejini, jino zima la chuma likadondoka ndani ya beseni. Nikazunguka kwa wauza spea wote ninaowajua. Mmoja aliniambia spea za gari lile wanazo marehemu tu, niende nikagonge makaburini.

Nikamwambia baba mkwe tufunge giaboksi ya gari la kisasa, ya gia tano. Hakufurahi. Aliniuliza gia tano ni za nini, barabara zimeongezeka? Mama mkwe akamwambia amwache mtoto wa watu afanye kazi yake, au auze hilo kopo wanunue mbuzi. Siku ya tatu baba mkwe akaja gereji mwenyewe, akanishika kifundo cha mkono.

"Mwanangu, huko chini fanya utakavyo," akasema. "Lakini hapa juu nikute kila kitu nilipokiacha."

"Utakikuta, baba."

Nilisema hivyo kabla sijaiona hiyo giaboksi.

Lazima nieleze kwa nini ulimi wangu ni mzito mbele ya mtu huyu. Nilipokwenda kumposa binti yake, aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikasema darasa la sita. Hakunitukana. Aliniangalia tu, akauliza, "Na la saba lilikukosea nini?" Watu sebuleni wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nimeoa miaka ishirini na minne sasa, na sijawahi kuacha kazi nusu mbele ya macho yake. Nikisema nitafanya, nafanya. Yeye naye, tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe, akaacha kuniita kijana akaniita mwanangu. Sikutaka kulipoteza hilo.

Giaboksi niliipata kwenye gari dogo lililopinduka. Ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Nikaiweka juu ya meza, nikachukua bisibisi ndefu nikaanza kuichezesha nione gia zake ziko wapi. Ya kwanza kushoto mbele, ya pili kushoto nyuma, ya tatu na ya nne katikati. Sawasawa na za mzee. Ya tano kulia mbele. Rivasi kulia nyuma, chini ya ya tano.

Nikarudia. Nikairudia tena, kama mtu anayekagua mfuko wenye tundu. Kule kushoto zaidi ya gia ya kwanza, ng'ambo ya springi, ambako mzee amezoea kupata rivasi, hakukuwa na rivasi. Ukisukuma mkono kushoto mpaka mwisho ukaupeleka mbele, unaingia gia ya kwanza. Yaani pale pale alipozoea kurudi nyuma, sasa gari lingekwenda mbele.

Njia ya kuigeuza sikuiona. Nilimfuata fundi wa kuchonga vyuma, akaniambia labda kiwandani ilikotoka. Nilikaa juu ya ndoo nikafikiri. Kutoka gereji mpaka kwa baba mkwe ni mwendo wa nusu saa kwa mguu. Ningekwenda, ningesema, na yeye angeamua. Pengine angesema acha, rudisha. Pengine angesema sawa, nitajifunza. Sikwenda. Nilijiambia heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nitamwambia siku ya kumkabidhi, nikiwa nimekaa naye ndani ya gari, nimshike mkono nimwonyeshe.

Basi nikafanya kazi. Na niliifanya vizuri, hilo ndilo linaloniuma. Nilichonga bamba la kuunganisha injini na giaboksi, nikalipima mpaka unywele haukupita. Nilikata sakafu nikaichomelea upya. Propela shafti, kile chuma kirefu kinachozungusha magurudumu ya nyuma, niliipunguza urefu nikaenda kuisawazisha isitetemeke. Klachi pleti, sahani ya klachi, nilitafuta yenye meno ya shafti mpya na upana wa injini ya zamani, siku nne nzima. Mkono wa gia ulipotokea, ulitokea nyuma kwa vidole vinne kuliko ule wa zamani. Nikaupasha moto nikaupinda mbele, nikakaa kwenye kiti cha mzee, nikafumba macho, nikapeleka mkono. Haukufika. Nikaupinda tena. Mara ya tano mkono wangu ulipokwenda bila kutafuta, uliukuta.

Halafu nikafunga kile kirungu chake cha zamani, chenye mchoro wa gia nne.

Hakuna aliyenilazimisha. Fundi wa kuchonga angeweza kunitengenezea kingine chenye mchoro sahihi. Nilifunga kile kwa sababu nilitaka mzee akione kwanza, moyo wake utulie, ndipo nimpe habari. Nilikuwa napaka asali kwenye kijiko cha dawa. Springi ya zamani ilikuwa imechoka, kwa hiyo hata uzito wa kusukuma kushoto ulikuwa ule ule. Ukikaa pale usiangalie chini ya gari, ungeapa hakuna kilichobadilika.

Siku ya Ijumaa asubuhi nililiendesha mtaani, likateleza vizuri. Nikarudi nikaligeuza likatazama geti. Ndiyo kawaida yetu gereji, gari lililokamilika linatazama geti, ambalo bado linatazama ukuta. Makabidhiano yalikuwa yafanyike kesho yake, Jumamosi. Kebo ya spidimita ilikuwa fupi, nikaenda kutafuta ndefu zaidi. Nilikaa huko saa moja na nusu.

Niliporudi, pale palipokuwa na gari palikuwa na doa la maji tu.

Fundi umeme wetu, tunamwita Fyuzi kwa sababu hukatika haraka, alikuwa anakula muhogo juu ya tairi. Akaniambia mkwe wangu alikuja kuangalia tu, akaona limekamilika, akaomba ufunguo, naye akampa. Akaongeza kwamba mzee ametoka pale anang'aa kama bwana harusi.

"Ulimpa ufunguo?" nikauliza.

"Ningemnyima baba mkwe wako? Kesho ukinyimwa mke utasema ni Fyuzi."

"Alirudi nyuma popote? Aliweka rivasi?"

"Gari lilikuwa linatazama geti, bosi. Angerudi nyuma kumfuata nani?"

Hapo nikaitupa kebo chini. Maana gari lile lingeendeshwa siku nzima likienda mbele na mzee asingehisi kitu. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, zote ziko pale alipoziacha. Lingemchekea njia nzima. Lingemgeuka mara moja tu, pale ambapo angehitaji kurudi nyuma.

Na nilijua atahitaji wapi.

Baba mkwe haegeshi gari kwa kuingiza pua bandani. Alifundishwa na kazi yake kwamba gari la mkubwa lazima lilale likitazama njia, likihitajika liondoke. Kwa hiyo huingia uani, husimama pua ikielekea karo la kufulia, kisha hurudi kinyumenyume mpaka bandani. Banda limeinuka kidogo, hivyo hukanyaga mafuta ya kutosha. Na hataki mtu asimame nyuma ya gari lake, kamwe. Alishaona mtu akisagwa namna hiyo ujanani. Anayemwelekeza ni mama mkwe, naye husimama mbele, kati ya boneti na karo, akichungulia nguzo za banda pande zote mbili na kumwonyesha kwa mikono, kushoto, kulia, njoo, basi. Wamefanya hivyo tangu wanunue gari. Mbele ndipo mahali salama.

Nilimpigia mzee simu. Imezimwa. Mzee huzima simu akishika usukani, hata kama anakwenda dukani tu. Nikampigia mama mkwe. Iliita mpaka ikakata. Simu yake hukaa juu ya kabati la vyombo ndani ya kitambaa, kama mgonjwa. Nikampigia mke wangu kazini, nikamwambia amtafute mama yake kwa jirani yeyote. Akauliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu, gari tu. Akasema kama ni gari tu, mbona nahema? Nikakata.

Nikapanda pikipiki ya kukodi. Kijana anayeendesha akaniuliza twende wapi, nikamwonyesha kwa kidole.

Njiani nilianza kuyapanga maneno. Baba, rivasi imehama, iko kulia nyuma. Ni maneno sita. Nikayasema polepole, nikayasema haraka, kila namna yalikuwa sita na yalitosha. Wiki tatu nilikuwa nimeyaogopa kama hotuba.

Kituo cha mafuta, muuzaji akasema mzee amepita, ameweka mafuta, ametoka kwa upande wa pili. Nikapumua. Kwa kinyozi wake, ambako lazima apite akijivuna, kinyozi akatoka na mkasi mkononi akaniambia nimefanya maajabu, mzee amesema gia zinaingia laini kama samli. Nikamuuliza aliegesha wapi. Hapo pembeni ya barabara. Aliondokaje? Kinyozi akanishangaa. Aliondoka kwa kwenda mbele, akasema, wewe ulitaka aondokeje? Ameondoka sasa hivi, hata kiti hakijapoa.

Nikamwambia kijana wa pikipiki akaze mwendo. Akaniambia, bosi, kufika ni kufika. Nikamwambia si leo.

Geti lilikuwa wazi. Gari lilikuwa limesimama uani, pua kwenye karo, injini inaunguruma taratibu. Kati ya boneti na karo alisimama mama mkwe, khanga kiunoni, mikono yenye povu la sabuni imeinuliwa, anamtazama mumewe na kutabasamu. Kutoka gotini kwake mpaka bampa hazikufika hatua mbili.

Mimi nilikuwa nyuma ya gari. Mzee akaniona kwenye kioo. Akafurahi, akatoa mkono dirishani akanipungia, kisha mkono ule ule ukageuka ukaniashiria niondoke. Nilikuwa nimesimama mahali ambapo hataki mtu asimame. Nikaita, baba, baba, sauti ikatoka kama ya mtu anayebisha hodi. Miaka ishirini na minne sijawahi kupaza sauti katika ua ule. Mkono wake ukarudi ndani. Nikaona bega lake likienda kushoto, kisha mbele.

"Mama, ondoka hapo!"

Alinisikia. Aligeuza kichwa kwanza, halafu akaanza kugeuza mwili, akapata nusu hatua. Gari likaruka.

Sitaelezea mlio. Injini ilizimika pale pale. Mzee alikuwa ameshatoka kabla sijafika, ameanguka kwa magoti, anavuta bampa kwa mikono mitupu kama angeweza kulirudisha. Ile nusu hatua ilikuwa imeuokoa mguu wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umebanwa, karo limepasuka nyuma yake. Mama mkwe hakupiga kelele. Alikuwa anasema, "Subirini, subirini," kama sisi ndio tulioumia.

Nikaingia kwenye gari, nikakanyaga klachi, nikawasha, nikaweka rivasi, kulia nyuma, nikalirudisha. Hakuna aliyeuangalia mkono wangu.

Hospitali walisema mifupa yote miwili chini ya goti imevunjika. Wakamwingiza kumfanyia upasuaji. Baba mkwe alikaa kwenye benchi la ukumbini, mkono wake wa kushoto ameuweka juu ya paja, umefunguka, anautazama kama mzigo wa mtu mwingine alioachiwa aushike.

"Niliweka rivasi," akasema.

Nikainama kufunga kamba za viatu.

"Niliiweka mwenyewe. Mkono huu haujawahi kunidanganya."

Mke wangu akamkumbatia, akalia. Kaka mkubwa wa mke wangu alifika jioni. Huyu ni mtu wa ofisi, anaongea kama anasaini. Akamwambia baba yake kwa upole kwamba umri umefika, hakuna aibu, lakini ufunguo autoe, na leseni pia. Mzee akavitoa vyote viwili mfukoni bila neno. Baadaye shemeji akanivuta pembeni akaniuliza kama fundi, gari lilikuwa na kasoro yoyote?

"Gari ni zima," nikasema.

Na ni kweli, lilikuwa zima.

Nikanyamaza siku nne. Siku ya kwanza nilisema mama mkwe azinduke kwanza. Siku ya pili nilisema asipate mshtuko. Siku ya tatu nilikwenda gereji nikamgombeza Fyuzi kwa ajili ya waya ambao haukuwa na kosa. Akaniambia bosi, kama una deni na mtu nenda ukalipe, usilipie kwangu. Hakujua alichosema.

Siku ya nne nilikwenda kumwangalia mzee nyumbani. Nilimkuta anafunga mlango wa nyuma. Aliufunga, akaujaribu, akaondoka hatua tatu, akarudi akaujaribu tena. Akaniambia siku hizi hajiamini. Alikuwa ameacha kuwasha jiko mwenyewe, anasubiri binti yake aje. Chai aliimimina kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameuweka nyuma ya mgongo. Alitaka nimtafutie daktari wa kichwa, wa kumwambia ameanza kupotea kiasi gani, ili ajue mapema ajipange. Halafu akaniangalia kwa huruma, mimi.

"Usijilaumu, mwanangu. Umefanya kazi safi kabisa. Mimi ndiye niliyeharibika."

Nikakiweka kikombe chini. Niliondoka nikasema nimeitwa gereji. Sikuitwa na mtu. Nilitembea mpaka viatu vikaniumiza.

Asubuhi ya tano nilikwenda kwa shemeji, nikachukua ufunguo nikisema nakwenda kukagua breki. Nikafika kwa mzee, nikamwomba aje uani. Alikataa kulikaribia gari. Nikamshika kifundo cha mkono, kama alivyonishika mimi.

"Baba, nakuomba. Injini imezimwa. Kaa tu."

Akakaa. Nikakaa kiti cha pembeni. Nikamwambia akanyage klachi aweke rivasi kama siku zote. Mkono wake ukaenda kushoto, ukaenda mbele.

"Hiyo ni gia ya kwanza," nikasema.

Akanitazama.

Nikauchukua mkono wake juu ya kirungu, nikaurudisha katikati, nikaupeleka kulia, nikauvuta nyuma. "Rivasi iko hapa. Giaboksi hii iko hivyo tangu ilikotoka. Wewe hukukosea kitu. Mkono wako ulikwenda pale nilipokuahidi."

Nje ya dirisha, lile karo lilikuwa limepasuka, sabuni bado iko juu yake, imekauka.

"Ulijua lini?"

"Wiki tatu kabla."

"Na hiki kirungu nani alikifunga?"

"Mimi."

Akatikisa kichwa, polepole, kama mtu anayesikiliza bei. Halafu akaanza kukifungua kirungu. Alikizungusha taratibu, uzi baada ya uzi, mpaka kikatoka, akakitia mfuko wa shati. Chuma cha mkono wa gia kikabaki uchi. Akafungua mlango. Mguu mmoja ukiwa nje akageuka.

"Nenda ukamwambie yeye. Mimi sitakusemea."

Nilikwenda hospitali mchana huo huo. Mke wangu alikuwa pale, anamchana mama yake nywele. Nilisimama miguuni pa kitanda nikasema yote, kutoka bisibisi mpaka kirungu, sikuruka kitu. Mke wangu aliacha kuchana katikati ya nywele, kitana kikabaki pale pale kichwani kwa mama yake. Mama mkwe alinisikiliza huku anaangalia dari.

"Kwa hiyo hajazeeka," akasema.

"Hapana, mama."

Akafumba macho. Machozi yakatoka pembeni yakaingia masikioni, na alikuwa anacheka kidogo, kwa pua.

"Miaka yote hii nawasifia watu mkwe wangu. Nasema hana maneno mengi." Akajifuta sikio kwa kiganja. "Kumbe."

Nikatoka nje ya wodi.

Hesabu yake ni hii. Mguu mmoja wa mama mkwe, mifupa miwili, wiki kumi na moja za plasta, na sasa fimbo ambayo daktari anasema ni ya muda, naye mwenyewe hasemi. Karo moja, nimelijenga upya kwa mikono yangu, yeye hafulii tena hapo. Taa ya mbele ya kushoto, ambayo haitengenezwi tena duniani, na nafasi yake nimefunga bati. Siku nne za mzee kuamini kwamba amekwisha. Leseni alirudishiwa na mwanawe mwenyewe, kwa kuombwa radhi, akaiweka kwenye kabati la vyombo. Gari liko bandani, pua ikitazama njia. Nililirudisha mimi. Hakuna aliyesimama mbele. Mke wangu alihamia kwa mama yake kumuuguza zile wiki kumi na moja, kisha akarudi. Anapika, anaongea, tunacheka. Ila nikimwambia jambo siku hizi, ananiuliza mara ya pili.

Na mzee nikienda kumsalimu ananikaribisha vizuri, ananivutia kiti. Ananiita fundi.